Kwa nini "advice" ina c na "advise" ina s?

Kijana mmoja aliingia kwenye kibanda chetu cha kuchapa barua, Nasser Road hapa Kampala, na barua ya kuomba kazi aliyoiandika kwa mkono. Mwishoni aliandika: "Please advice me." Nilipoitoa c nikaweka s, akauliza, "Dada, si neno ni lile lile?"

Ni mawili. "Advice" ni nomino, ushauri wenyewe. "Advise" ni kitenzi, kushauri. Hata kwa sauti hayafanani. Weka vidole kooni useme "saa", kisha "zaa": ya pili inatetemesha koo. "Advice" inaishia kwa s ya saa. "Advise" inaishia kwa z ya zaa, ijapokuwa imeandikwa kwa s.

Chanzo ni cha kale. Kiingereza kiliyachukua kwa Wafaransa, "avis" na "aviser". D ilipachikwa baadaye kwa kuiga Kilatini. Kwenye nomino s ilikaa mwishoni ikabaki s ya saa, na baadaye ikaandikwa kwa c. Kwenye kitenzi ilibanwa katikati ya irabu mbili ikalainika kuwa z, na irabu ya mwisho ilipoacha kutamkwa, z ikabaki. Maneno asilia ya Kiingereza nayo yana mtindo huo. "Grass" ni nyasi. "Graze" ndiyo kazi ya ng'ombe wa Ankole kutwa nzima.

Sisi tumezoea kutega sikio mwanzoni mwa neno: ushauri, mshauri, kushauri. Kiambishi kinatangulia kutuambia neno ni la aina gani. Mwingereza hapa amelificha jambo hilo mkiani, kwenye herufi moja, na nadhani ndiyo maana linatuponyoka.

Tena msiandike "advices". Kiswahili kina mashauri na Kiganda kina "amagezi", kwa hiyo wingi unatujia wenyewe, lakini "advice" haihesabiki, ni kama unga. Ukitaka moja, sema "a piece of advice".

Leseni ya biashara ndiyo inayosumbua zaidi. Uganda tunafuata tahajia ya Uingereza: "licence" ni nomino, "license" ni kitenzi, na yote mawili hutamkwa kwa s ile ile. Wamarekani huandika s kotekote. Hapo sikio halisaidii kitu, kwa hiyo kabla ya kuchapa huwa naitamka "advice" kimoyomoyo: nomino, c, na "licence" inaifuata.