Anayelipa siye anayehudumiwa

Nikiletewa andiko la mradi lenye maneno "ubunifu wa kijamii", mara nyingi nakuta programu mpya ya simu. Mimi hukimbilia kwenye bajeti: watumishi wanalipwa kwa lipi?

Mfanyabiashara asiporidhisha, mteja anahama na mauzo yanashuka. Asasi isiyo ya kiserikali haina kengele hiyo. Mlipaji ni mfadhili, mhudumiwa ni mwingine, na mfadhili huona ripoti tu. Ukumbi ukijaa na orodha ya mahudhurio ikasainiwa, mradi umefaulu, hata kama waliohudhuria wametoka mikono mitupu.

Katika hili nawavulia kofia BRAC wa Bangladesh, asasi iliyoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972. Kati ya 1980 na 1990 walimu wake, wanawake, walipita nyumba kwa nyumba, zaidi ya kaya milioni 12, wakiwafundisha akina mama kumchanganyia mtoto anayeharisha kinywaji cha kurudisha maji mwilini: chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na takriban nusu lita ya maji. Tiba hiyo ilikwisha kujulikana kwa madaktari. BRAC walibuni malipo. Baadaye mkaguzi, ambaye si mwalimu yule, alirudi kwa baadhi ya akina mama kuwapima wanakumbuka nini, na ujira wa mwalimu ukategemea majibu yao. Mama akisahau, mwalimu anapungukiwa.

Wengi wangefunga faili hapo. Wao wakafuatilia zaidi: mtoto anapoharisha kweli, kinywaji kinatengenezwa? Kumbe akina mama walikijua vizuri, ila wengi hawakukitumia! Sababu moja ilikuwa walimu wenyewe: walifundisha kitu ambacho wao hawakukiamini. Wakapelekwa maabara ya kipindupindu Dhaka wakaelezwa kinavyofanya kazi. Wanaume nao, ambao awali hawakushirikishwa, wakafuatwa misikitini na sokoni. Matumizi yakapanda.

Ndiyo maana kila bajeti ninayoshauri huwa na kifungu cha kurudi kwa wahudumiwa miezi kadhaa baadaye, na anayerudi hawajibiki kwa meneja wa mradi huohuo. Gharama zikibana, kifungu hicho ndicho cha kwanza kufyekwa. Mimi ningeanza kufyeka warsha ya uzinduzi.