Taa haichomozi? Iache mota mahali pake

Swali huja likiwa na jibu ndani yake: "Taa ya kushoto haichomozi, mota ya Mazda MX-5 nitaipata wapi pale Kisekka?" Kisekka ni soko la spea la Kampala. Muulizaji hajagusa fyuzi, hajapima ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi), hata boneti hajafungua, lakini mota inayoinua taa keshaizika. Nimechoka na maziko haya. Mota nyingi zinazotupwa ni nzima, na kuipata nyingine si rahisi. MX-5 ya taa za kuchomoza iliacha kutengenezwa 1997, na tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Magari ya kukatia spea hayaongezeki. Ukitupa mota nzima leo, kesho utainunua ya mwenzako iliyochoka kuliko yako.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Taa kupanda ni kazi ya mota. Taa kuwaka ni kazi ya balbu. Njia zake za umeme ni tofauti. Ikipanda isiwake, angalia balbu, halafu kagua waya zinazopita kwenye bawaba, kwa sababu hupinda kila taa inapopanda na kushuka, na nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la plastiki likionekana zima. Mota haihusiki hapo.

Sasa fyuzi. Kwenye MX-5 imeandikwa RETRACTOR, ampea 30, kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Usiiangalie kwa macho. Gusa miguu yote miwili kwa taa ya kupimia; ikiwaka kwa yote miwili, fyuzi ni nzima.

Kisha chomoa fyuzi hiyo kabla hujatia mkono karibu na taa. Nasisitiza, maana mota ikiamka ghafla, mkono unaoinua taa haujui kama kuna kidole njiani. Juu ya mota kuna kifuniko cha mpira, na chini yake kigurudumu kidogo cha kuzungushia kwa vidole. Kizungushe. Taa inapaswa kupanda taratibu, bila kukwama popote. Ikigoma, achanisha fimbo inayounganisha mkono wa mota na taa, uzungushe tena. Kikiwa chepesi sasa, tatizo liko kwenye viungo: vumbi la murram limechanganyika na grisi kuukuu likawa kama msasa. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi mpya. Kipimo hiki hakina namba, ni cha mkono tu, na mikono hutofautiana. Ndiyo maana nalinganisha kulia na kushoto kila mara badala ya kuamini upande mmoja.

Tunafika penye kunitoa jasho. Fundi anachomoa soketi ya mota, anaweka mita, anasoma volti 12, anatangaza: "Umeme unafika, kwa hiyo mota imekufa." Hapana! Mita haivuti umeme wa maana. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba, au ethi iliyooza kwa kutu, itaionyesha mita volti 12 safi kabisa. Mota ni kitu kingine: inataka ampea kadhaa, na ampea hizo zikifika kwenye ule uzi mmoja, volti zinapotelea hapo. Mota inabaki na volti 7 au 8, inanguruma kidogo, inanyamaza, halafu lawama zote zinaishia kwake. Volti zinazosomwa bila mzigo hazithibitishi chochote kuhusu njia ya umeme.

Weka mzigo. Balbu kuukuu ya H4, ile ya taa kubwa za mbele, inatosha: uzi wake wa wati 55 huvuta karibu ampea 4.5. Tafuta pini ya ethi kwenye mchoro wa waya wa gari lako. Usikisie kwa rangi, na kumbuka kuna magari ambayo mota yake hugeuziwa umeme ili taa ishuke, hivyo hayana ethi ya kudumu kwenye soketi. Toa waya kutoka chanya ya betri, upitishe kwenye fyuzi ya ampea 10, kisha balbu, kisha pini ile. Balbu ikiwaka, pima kati ya pini hiyo na hasi ya betri. Ethi nzuri haizidi volti 0.2. Ukisoma 1 au 2, umeshampata mwizi. Upande wa chanya, wenye fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na soketi njiani, navumilia hadi 0.5, lakini hiyo si amri. Waya wa miaka 30 unaweza kupoteza 0.7 na taa ikapanda bila shida. Tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia ndiyo inayonishtua zaidi.

Kutibu ethi: fungua bolti, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, bana kichwa kipya cha waya, kaza, ndipo upake vaselini juu. Ukilazimika kubadili waya, tumia wa milimita mraba 2.5. Kusokota nyuzi na kuzungushia teipu si matengenezo, ni kuahirisha ugonjwa hadi msimu wa mvua.

Taa inayopanda na kushuka bila kukoma ni habari nyingine. Mota ya MX-5 huzunguka upande mmoja tu: nusu mzunguko taa juu, nusu nyingine chini. Ndani yake kuna sahani ya shaba yenye migusano inayoiambia wapi pa kusimama. Grisi ikikauka juu ya sahani, mota haipati amri ya kusimama. Relei iliyonata huleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo ibadilishe kwanza na nyingine ya aina ileile. Sahani safisha kwa kitambaa na spiriti. Wengine hutumia msasa. Mimi naogopa, kwa sababu kila mkwaruzo unapunguza shaba, na siwezi kumwahidi mtu itadumu muda gani baada ya hapo.

Mota ikilia na taa isisogee, kaza nati ya mkono kabla ya kushuku giya.

Mota imekufa pale tu inapopewa volti 11 au zaidi huku swichi imebonyezwa, kigurudumu chake ni chepesi, na bado iko kimya. Hata hapo fungua uone kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, kabla ya kwenda sokoni. Ukinunua, hakikisha ni ya upande wako, na iendeshe kwa betri ya muuzaji kabla ya kulipa. Baada ya kuifunga, rudisha kile kifuniko cha mpira juu ya kigurudumu. Kikikosekana, maji ya mvua huingilia hapo na kushuka hadi kwenye giya.