Kupotea kwa nafsi: maana yake katika riwaya za utawala wa kiimla

Ngamiani, hapa Tanga, mitaa ina namba. Unamwambia wa bajaji "barabara ya kumi na mbili", anakupeleka. Namba ni ya mtaa. Anayekaa humo bado ana jina lake, la utani juu, na kanga aliyoichagua kwa maneno yake. Sasa ing'oe namba hiyo mtaani umbandike yeye.

Ndivyo alivyofanya Mrusi Yevgeny Zamyatin katika riwaya ya "Sisi", iliyochapwa kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924. Mhusika mkuu anaitwa D-503. Nyumba ni za kioo, pazia hushushwa kwa kibali, na kila tonge hutafunwa mara hamsini, watu wote kwa pamoja. Kupotea kwa nafsi ni huko: dola kumnyang'anya mtu kila kinachomtenga na wenzake, jina, siri, mapenzi, mpaka asiwe na pembe ya kukaa peke yake hata kichwani.

Wengi huchanganya jambo hili na kufanana. Akina mama thelathini wakivaa sare kwenye shughuli, hakuna aliyepotea. Usiku kila mmoja ataivua, na asubuhi atasema pilau halikuwa na nyama. Kusema "nyumbani kwetu" hata kama unaishi peke yako nako si kupotea. Kinachotazamwa ni kama mtu anaweza kutoka kwenye "sisi" na kurudi.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, maana walimu wa sarufi huliita "mimi" nafsi ya kwanza umoja. Katika kisa cha Ayn Rand cha 1938, neno hilo limefutwa kabisa. Mtu yuko peke yake shimoni, anaandika kwa mwanga wa mshumaa, na bado anajiita "sisi". Kwa Kiswahili ingebidi kung'oa "ni-" kwenye kila kitenzi: hakuna ninapenda, hakuna nimechoka. George Orwell naye, mwaka 1949, alibuni dola inayopunguza msamiati kila mwaka ili wazo la uasi likose neno la kulibeba.

Mtu wa Tanga atauliza, na riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani? Dhuluma imo tele, wajumbe sita wanarudi na heri wanatupwa gerezani. Lakini mimi siiweki kundi moja na hizo. Mhusika wake mkuu, Karama, anashtakiwa kwa jina lake na anajitetea kwa sauti yake siku sita, wakuu wakisikiliza. Watawala wale wanaweza kumfunga mwili, nafsi hawajaigusa.

D-503 hakupata baraza la namna hiyo. Alipasuliwa, akaondolewa uwezo wa kuwaza yasiyokuwapo, kisha akamtazama mwanamke aliyempenda akiteswa, bila kushtuka. Daftari lake anaendelea kuliandika. Mwandiko ni ule ule.