Ukikiri kosa, rufaa imekufa?

Ule ujumbe wa "ukishasema ni kweli mahakamani, huna rufaa" unazunguka tena kwenye magrupu. Una chembe ya ukweli, ndiyo maana unaaminika: Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, humruhusu aliyekiri kupinga adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Lakini mahakama za rufaa husikiliza pia hoja kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata, au hati ya mashtaka haikuonyesha kosa. Mtu aliyejibu, "Ni kweli nilichukua baiskeli, nilidhani ni yangu," hajakiri wizi hapo. Omba nakala ya mwenendo wa kesi, usome alichojibu mshtakiwa baada ya kusomewa maelezo ya kosa. Kusudio la rufaa kwenda Mahakama Kuu, yaani taarifa kwamba unataka kukata rufaa, hutolewa ndani ya siku 10, kwa hiyo tafadhali usiusambaze ujumbe huo: kuna ndugu wa mfungwa atakayeuamini na kukaa kimya.