Aliyemzika Farao Ndiye Aliyerithi

Hakuna sheria ya kurithi ufalme iliyotufikia kutoka Misri ya kale. Kilichokuwapo ni desturi, nayo iliegemea imani: farao aliye hai ni mungu Horus, aliyekufa ni mungu Osiris, baba wa Horus, na ni wajibu wa Horus kumzika baba yake.

Mrithi wa kwanza alikuwa mwana wa Mke Mkuu wa Mfalme. Akikosekana, hutafutwa mwana wa mke mdogo. Ndivyo alivyopata kiti Thutmose III, mwana wa mke mdogo aliyeitwa Isis, mnamo 1479 KK, angali mtoto. Mjane wa baba yake, Hatshepsut, alianza kama msimamizi wake, kisha akajitangaza farao. Hakumwondoa kijana, wote wawili walihesabiwa miaka ileile ya utawala.

Vitabu vya zamani hudai kwamba haki ya ufalme ilipitia kwa binti wa mfalme, kwa hiyo farao alilazimika kumwoa dada yake. Dai hilo halisimami. Tiye, mke mkuu wa Amenhotep III na mama wa Akhenaten, alizaliwa na Yuya na Tjuyu, watu wasio wa ukoo wa kifalme.

Mfalme akifa, mrithi hukalia kiti alfajiri inayofuata. Thutmose III alipofariki katika mwaka wake wa 54, kaburi la ofisa wake Amenemheb linaeleza kuwa Amenhotep II alisimikwa kulipopambazuka. Katika Ufalme Mpya, kipindi cha mafarao wote wanaotajwa hapa, hesabu ya mwaka wa 1 ilianzia siku hiyo, kabla ya sherehe za kutawazwa. Maiti ilishughulikiwa kwa siku 70, kisha yakafuata mazishi na ibada ya Kufungua Kinywa, ili marehemu aweze kula na kusema huko aendako.

Kwa kuwa aliyemzika farao ndiye aliyehesabiwa mrithi, hapo ndipo wajanja walipopata mlango. Farao Tutankhamun hakuacha mtoto hai. Ukutani mwa kaburi lake amechorwa Ay, mzee wa baraza, akiwa na taji la buluu na ngozi ya chui, akimfungulia kinywa marehemu. Kwa maoni yangu, mchoro ule ni hati ya umiliki.

Horemheb, aliyetawala baada ya Ay, naye hakuwa na mrithi, akamteua mwanajeshi Paramessu, aliyekuja kuitwa Ramesses I. Huyu tayari alikuwa na mwana, Seti.

Mwana wa Seti, Ramesses II, alikuwa na tatizo la kinyume: alitawala miaka 66 na kuwazika warithi wake mmoja baada ya mwingine, hata kiti kikamwangukia Merneptah, mwanawe wa 13, ambaye naye alikuwa mzee tayari.

Wake wengi walizaa hatari nyingine. Ramesses III, kama picha za skana zilivyoonyesha mwaka 2012, alikatwa koo. Mkewe mmoja, naye akiitwa Tiye, alitaka mwanawe Pentawere atawale. Njama ikashindwa, Ramesses IV akashika kiti. Washtakiwa wengi waliuawa. Pentawere alihukumiwa, akaachwa ajiue mwenyewe.