Beki wa hoki ya barafuni si wa kubamiza watu tu

Wengi wanaotazama hoki ya barafuni mara mojamoja huamini kwamba kazi ya beki ni kuwabamiza wapinzani ukutani, na kwamba asiyependa ugomvi hafiki mbali. Si kweli. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni Nicklas Lidström wa Sweden.

Alicheza misimu 20, kuanzia 1991 hadi 2012, yote katika Detroit Red Wings, timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Katika mechi 1,564 za msimu wa kawaida alitumikia adhabu ya dakika 514 tu, yaani muda wa kukaa nje ya uwanja kwa kosa. Silaha yake ilikuwa fimbo, na kujua pa kusimama. Alimwacha mshambuliaji aje, akamzibia njia taratibu mpaka akaishia pembeni, kisha akamnyang'anya kile kisahani cha mpira mgumu kwa ncha ya fimbo, bila hata kumgusa. Ilikuwa raha kumtazama! Papo hapo pasi ilikuwa imeshatoka, maana beki ndiye mara nyingi huanzisha mashambulizi. Yeye mwenyewe alifunga mabao 264.

Alitwaa Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, mara 4, na tuzo ya Norris ya beki bora mara 7. Ya mwisho aliipata mwaka 2011, akiwa na miaka 41.