Nokofu si feki, na uzi wake haufuati kanuni ya lori

Neno la Kiingereza knock-off mjini siku hizi lina maana moja tu: bidhaa ya kuiga. Viatu knock-off, saa knock-off, mkoba knock-off. Basi mwenye MGB au Jaguar, magari ya Kiingereza, ya miaka ya 1960 akiuliza nati za knock-off za rimu zake za spoki, muuza spea anamhurumia, anamshauri ajikaze kidogo anunue orijino. Orijino ndizo hizohizo.

Maana yenyewe ni fupi. Nokofu, kama nitakavyoiandika kuanzia hapa, ni nati moja kubwa ya katikati inayoshikilia gurudumu zima kwenye habu, yaani kitovu kinachozunguka nalo, badala ya nati nne au tano za pembeni. Rimu ya spoki ina bomba katikati lenye meno kwa ndani. Bomba hilo huvishwa habu yenye meno kwa nje, kisha nati hufungwa mbele yake. Nguvu ya injini na ya breki hupita kwenye meno. Nati kazi yake ni kubana tu, rimu ikae kati ya koni mbili, koni ya habu kwa nyuma na koni ya nati kwa mbele.

Jina limetokana na namna ya kuifungua. Nati za kwanza zilizozoeleka zilikuwa na masikio mawili au matatu, na fundi aligonga sikio kwa nyundo mpaka nati itoke. Knock ni gonga, off ni itoke. Ile maana ya kuiga imepita njia nyingine, kwenye matumizi ya maneno hayohayo kwa kazi inayomalizwa chapuchapu. Majina mawili yamekutana barabarani, hayana undugu wa karibu. Wapo wanaokwepa mkanganyiko kwa kusema nati ya masikio au kipepeo, na kwa gari nyingi inatosha. Lakini kuanzia 1968 sheria za usalama za Marekani zilikataza nati zenye masikio yanayochomoza, ndipo magari ya Kiingereza yaliyopelekwa huko yakafungwa nati za uso laini au za pembe nane. Hizo nazo ni nokofu ingawa hazina sikio hata moja. Ukitaka Kiswahili kisichokwama, sema nati ya kati.

Mfumo wenye jina kubwa katika jambo hili ni wa Rudge-Whitworth, kiwanda cha baiskeli na pikipiki cha Coventry, Uingereza, na mbunifu wake ni John Pugh. Ulitoka kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakati tairi zilipasuka kila mara na dereva alilazimika kubandua tairi kwenye rimu huku rimu ikiwa bado garini. Gurudumu zima linalotoka kwa nyundo chache lilikuwa faida kubwa kiasi kwamba lilikatazwa kwenye mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa ya 1908 kule Dieppe, na timu ya Napier, watengeneza magari wa Uingereza, ikajitoa kwa kupinga katazo hilo.

Sasa tuje kwenye kinachoudhi kweli, yaani uzi, ile mifereji ya kuzunguka ndani ya nati. Uzi wa kulia hukaza kwa kufuata saa, wa kushoto hukaza kinyume chake.

Fundi aliyekulia kwenye malori anajua kwamba Fuso au Isuzu ya zamani ina nati za uzi wa kushoto kwenye magurudumu ya kushoto, na za uzi wa kulia upande wa kulia. Aliyeanzia kwenye baiskeli anajua kwamba pedali ya kushoto ina uzi wa kushoto. Kwa hiyo kanuni imeshamkaa kichwani: kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Akipewa gari la spoki anaitumia bila kuuliza, na hapo anakosea kabisa. Kwenye nokofu za MG, Triumph, Austin-Healey na Jaguar mambo yamegeuzwa. Upande wa kushoto wa gari una uzi wa kulia, unaokaza kwa kufuata mishale ya saa. Upande wa kulia una uzi wa kushoto, unaokaza kinyume cha saa. Kushoto ninakosema ni kushoto kwa mtu aliyekaa ndani anatazama mbele, si upande wa abiria wala wa dereva. Bujumbura na Bukavu watu huendesha kulia mwa barabara, na nati haijali usukani uko wapi.

Wanaogundua tofauti hiyo mara nyingi huhitimisha kwamba Waingereza walikuwa wakaidi. Sababu ni koni, nani yuko ndani ya nani.

Gari likienda, uzito unabaki pale pale chini na gurudumu ndilo linalopita juu yake. Ungekuwa umekaa ndani ya gurudumu ukizunguka nalo, ungeona uzito ndio unaozunguka, tena kinyumenyume. Palipo na uwazi mdogo kati ya nati na rimu, hata wa unywele, sehemu inayogusana huhama kufuata uzito huo, na nati huviringika kidogo kidogo. Itaviringika kuelekea wapi? Chukua kifuniko cha soda, kikandamize kwenye ukingo wa ndani wa mfuniko wa sufuria na ukizungushe bila kuteleza. Kifuniko kinajigeuza kinyume cha njia yake. Hiyo ni nati ya lori: koni yake imeingia ndani ya tundu la rimu, kwa hiyo uzito unaorudi nyuma huisukuma nati mbele. Gurudumu la kushoto ukilitazama kutoka nje, mbele ni kinyume cha saa, na uzi wa kushoto hukaza kinyume cha saa. Lori limekaa sawa.

Sasa vaa bangili iliyolegea na uuzungushe mkono. Bangili inafuata mkono, upande uleule. Nokofu ya aina ya Rudge ni bangili. Koni yake ina shimo na huivaa koni ya rimu kwa nje. Uzito unaorudi nyuma unairudisha nati nyuma pamoja nao, na upande wa kushoto kurudi nyuma ni kufuata saa, ndiko uzi wa kulia unakokazia. Hesabu ni ileile ya lori. Kilichobadilika ni nani amemvaa mwenzake.

Kuna maelezo mengine yanayozunguka, kwamba nati hujikaza dereva anapokanyaga breki. Yaache. Gurudumu likisimama ghafla, nati kwa uzito wake ingetaka kuendelea mbele, na mbele kwenye nokofu ni kufungua. Nguvu hiyo ni ndogo mno kuifungua nati iliyogongwa vizuri, lakini kama ingekuwa na kazi yoyote, ingekuwa kazi mbaya.

Kwa mikono inatosha kukumbuka hivi, na ni vilevile pande zote mbili: sikio la juu likigongwa kuelekea nyuma ya gari, nati inakaza, likigongwa kuelekea mbele, inafunguka. Nati nyingi zina mshale na neno UNDO, pamoja na upande zinakofaa. Mshale huo unaonyesha kufungua. Wapo wanaoufuata wakidhani ni wa kukaza, na masikio yaliyokatika ni kazi yao.

Kosa la pande huanzia kwenye habu zaidi ya kwenye nati, maana nati yenye uzi usiofaa haiingii, ila habu ya kushoto hukubali kufungwa kulia bila malalamiko. Hatari ni kubwa zaidi gari lililokuwa na rimu za chuma linapogeuzwa kuwa la spoki kwa adapta, yaani habu fupi zenye meno zinazofungwa kwenye boliti za zamani. Seti ina adapta nne, mbili za kila uzi, na kwa macho zinafanana. Kabla ya kufunga chochote, ishike kila moja na uzungushie nati kwa vidole. Inayokaza kwa kufuata saa iende kushoto. Ncha za boliti zikatwe zisichomoze kupita uso wa adapta, la sivyo mgongo wa rimu utaegemea boliti badala ya koni, na hakuna nyundo itakayoiponya hiyo. Nati za adapta kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari, kwa sababu baada ya rimu kuingia huzioni tena. Kwenye MGB kuna jambo la ziada: ekseli ya nyuma ya gari lililotoka kiwandani na spoki ni fupi kuliko ya gari la rimu za chuma. Ukitia adapta kwenye ile ndefu, magurudumu yanatoka nje na tairi huanza kula madigadi. Hilo si kosa la adapta.

Pia hesabu nyuzi zilizomo katika inchi moja. Zipo nati za nyuzi 8 na za nyuzi 12, na zote zinaweza kuonekana za kipenyo kimoja. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, itoe. Usiisaidie kwa nyundo.

Kufunga kwenyewe ni kazi fupi. Safisha meno, koni zote na uzi kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisha paka grisi nyembamba kote. Nene itarushwa kwenye spoki na breki, na meno makavu yatasagana. Gurudumu likiwa hewani, sukuma rimu mpaka mwisho, zungusha nati kwa mkono, halafu gonga kwa nyundo ya shaba au ya madini ya risasi (lead) ya kilo 1 au zaidi kidogo. Nyundo ya chuma itamenya kromu na kupasua sikio. Gonga mpaka nati isisogee tena na mlio ubadilike uwe mkavu. Nati ya pembe nane huvishwa spana yake, na nyundo hupiga spana. Shusha gari, endesha kilomita 50 hivi, kisha igonge tena, kwa kuwa koni mpya hulaliana.

Vumbi jekundu kama unga wa tofali likitoka pembezoni mwa nati ni dalili kwamba meno yanasuguana bila grisi. Piga jeki, mwenzako akanyage breki, kisha uzungushe tairi mbele na nyuma kwa mikono. Ukisikia "tak, tak", meno yamelika. Yatazame: meno mazima yana vichwa bapa, yaliyolika yana ncha kama msumeno. Badilisha habu na rimu pamoja, maana habu mbovu huila rimu mpya. Watu wengi huilaumu nati hapa, wakaigonga zaidi, ilhali nati haikuwa na hatia.

Kwa hiyo anayesema nokofu "hujikaza yenyewe" hajakosea sana, ameruka hatua moja tu. Ikifungwa upande wake, koni safi na zimekutana sawasawa, nokofu haijilegezi. Kuikaza bado ni kazi ya nyundo.